Tulivyomlilia Mzee Wanjala Akitafuna Karanga

Jamani, naandika mara moja tu, kisha atakayeniuliza tena nitampa asome. Tangu turudi siwezi kushuka ngazi za jengo letu hapa Berea, Johannesburg, bila mtu kunishika mkono: "Zuhura, Nafula kapatwa na nini kichwani?" Mama Furaha wa ghorofa ya chini alidhani ni chawa, akaleta dawa. Wateja wa Hillbrow wanamtazama msusi wao mwenye kipara, kisha wanakumbuka wana shughuli pengine. Na yule mlinzi wa mlangoni, Mburundi, ameshatangaza kwamba Nafula ameokoka. Hakuna hata mmoja aliyepatia. Kilichomnyoa ni msiba, na kilio cha msiba wenyewe nilikilia mimi.

Berea hadi stesheni ya mabasi

Wanaonijua wananijua: fundi cherehani wa Jules Street kule Malvern, mzaliwa wa Tanga, mdomo hauna likizo. Nafula ninakaa naye chumba kimoja. Yeye ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, na Wabukusu ni watu wa kabila kubwa la Waluhya. Siku kaka yake Simiyu alipopiga simu kusema baba amefariki, Nafula alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Akasema, "Nimesikia," akaweka simu, akamaliza kusuka. Hakulia. Kesho yake hakulia. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana roho ngumu.

Kumbe hiyo ndiyo shida yenyewe. Jioni akanifuata jikoni.

"Kwetu binti haingii kwenye matanga kimya," akasema. Matanga ndiyo msiba. "Unaanza kulia ukiwa bado barabarani, kijiji kijue mtoto wa marehemu amefika. Mimi sasa machozi hayaji. Hata sauti haiji. Nikiingia hivi watasema Joburg imenifanya jiwe."

"Sasa utafanyaje?"

"Twende wote. Utalia wewe."

Nikamwambia mie Mwislamu, kwetu ukipiga mayowe juu ya maiti shekhe anakutazama mpaka unyamaze mwenyewe. Akasema shekhe wangu hatakuwepo. Na ukweli usemwe, umbea peke yake ungetosha kunipeleka.

Mama Furaha, ambaye kwao ni Bukavu, alitushika mlangoni na bakuli la sombe, kisamvu chao, lenye samaki mkavu. "Mu njia hamuna chakula ya maana, ma chérie. Kamata hii." Tukakamata. Kabla hatujavuka roboti ya pili, yaani taa za barabarani, dereva wa teksi alikuwa ameshafungua madirisha yote. Na kwenye basi abiria wa nyuma yetu walihama bila kusema neno, tukapata viti vinne vya kulalia. Mama Furaha, Mungu akupe maisha marefu.

Beitbridge

Mpakani mwa Zimbabwe tulikaa mpaka jua likatuchosha. Trela la basi letu lilikuwa limebeba magodoro, friji na paa zima la nyumba ya mtu, na kila kitu kilishushwa chini. Tukakaa juu ya mabegi.

"Tumia huu muda," Nafula akaniambia. "Hebu lia nisikie."

Nikajaribu.

"Hapana. Hiyo ni ya mtu amekanyagwa kidole. Usianze juu. Anza chini, panda, ukifika juu umwite marehemu, halafu ushuke polepole kama mtu amechoka."

Nikajaribu tena, akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikachukua khanga nikajifunika uso, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, nikafungua koo. Wallahi sikujua nina sauti ile. Nilipofunua khanga nilikuta akina mama wa Kizimbabwe wamenizunguka, wawili wanalia kwa lugha yao, mmoja ananipangusa kwa kitenge. Wakanipa mahindi ya kuchemsha na parachichi. Ofisa mmoja akaja kuuliza nani amefiwa. Nikamwonyesha Nafula, ambaye wakati huo alikuwa anakula parachichi langu. Ofisa akamtazama Nafula, akatazama parachichi, akageuka akanipa pole mimi.

Basi tukapelekwa mbele ya foleni. Kutoka hapo mpaka Harare mimi ndiye niliyekuwa mfiwa, na Nafula ndiye mwenzangu wa kunibebea mkoba. Kila basi liliposimama watu walinishika mkono. Nikaanza kuzoea.

Lusaka

Lusaka ndipo mzaha ulipoingia mchanga. Tulikuwa tunangoja basi la Tunduma, tunakula ugali wao na dagaa, simu ya Nafula ikalia. Alikuwa Simiyu. Nafula akasikiliza muda mrefu, akasukuma sahani.

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Kwao kaburi halichimbwi na yeyote aliyeshika jembe. Ndugu mkubwa wa marehemu ndiye anayeonyesha mahali na kupiga jembe la kwanza, ndipo vijana wanaendelea. Baba yake Nafula, Mzee Barasa, alikuwa na kaka mmoja tu aliye hai, Mzee Wanjala, na maboma yao yamepakana. Lakini hao wawili hawakusemezana kwa miaka, kisa ni mstari wa mikaratusi. Barasa aliipanda mpakani, Wanjala akasema inamnyonya maji ya shamba. Wakatukanana mbele ya watu. Wanjala akaapa hatakanyaga tena kwa mdogo wake, awe hai au amekufa. Sasa mdogo amekufa, na Wanjala amekaa kwenye veranda yake ng'ambo ya miti, anasema kiapo ni kiapo. Wazee wamemwendea mara kadhaa wakarudi mikono mitupu.

"Si Simiyu apige yeye hilo jembe," nikasema.

"Wachimbaji hawatashuka kwenye shimo lililoanzwa na mtoto. Wanaogopa." Akanitazama. "Jumamosi ndiyo mazishi. Kama hakuna kaburi, baba anarudishwa mochari. Zuhura, unajua maana yake? Maiti imeshalala nyumbani kwake, halafu inabebwa tena kurudi mochari kama mgeni aliyefukuzwa."

Hakulia hata hapo. Ila aliinuka akaenda kuuliza basi la Tunduma linaondoka saa ngapi, akarudi, akaenda kuuliza tena.

Tunduma hadi Namanga

Nilipovuka Tunduma nikawa mtu mwingine, mana nimefika kwetu na sasa naweza kugombana kwa lugha yangu. Malori yalikuwa yamepanga foleni isiyo na kichwa wala mkia, basi likajipenyeza kwa kuomba na kutukana. Tulipopata mahali pa kula nikaagiza wali maharage, nikaurudisha nazi haimo, ukaja tena nazi haimo, nikala hivyo hivyo huku nikimwambia mpishi kwamba Tanga asingemaliza wiki.

Tulipopita Makambako nikamwambia Nafula, "Nipe habari za baba yako. Siwezi kumlilia mtu nisiyemjua, nitatoa kilio cha jumla."

Akanieleza akitazama dirishani. Baba alikuwa na ndizi. Hakuna mtoto aliyepita njia ile akakosa ndizi, hata watoto wa watu aliogombana nao. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono, mana anaona aibu ya pengo. Na alipenda karanga. Anazimimina kiganjani, anazisugua, anainamisha kichwa upande, anapuliza maganda, ndipo anatafuna. Hata ukimpa zilizokwisha kumenywa, lazima apulize.

"Hata zilizomenywa?"

"Hata hizo. Mama alikuwa anamcheka."

Dodoma ikapita, Singida ikapita, Arusha ikapita, mie nimelala mdomo wazi. Kila nikizinduka namkuta macho makavu dirishani.

Namanga hadi langoni

Nairobi tulikunywa chai ya maziwa na mandazi, tukapanda basi la magharibi. Karibu na Eldoret tairi likapasuka, tukapoteza asubuhi nzima tukiangalia watu wakibishana kuhusu jeki. Tulifika Bungoma Ijumaa alasiri. Simiyu akasema kwa simu kwamba mwili umeshafika nyumbani, turubai limefungwa, wageni wamejaa, na Mzee Wanjala bado amekaa. Kaburi halipo.

Tukachukua bodaboda moja, watu wawili na mabegi. Tulipokaribia, dereva akasema, "Lakini dada, kwenye matanga watu wanapitia upande wa shule."

"Mimi nimezaliwa hapa," Nafula akamwambia. "Wewe umetoka wapi?"

"Mimi nasema tu."

"Wacha kusema. Lango la kwetu nalijua."

Na kweli alilijua. Alilolijua lilikuwa lango la tangu utotoni, ambalo ndugu wale wawili walikuwa wakilitumia pamoja. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba baada ya ugomvi baba yake aliziba njia ya upande wake, akafungua lango jipya huko shuleni. Lango la zamani likabaki la Wanjala peke yake, na mikaratusi ikaota mpaka ikaficha nyumba ya Barasa. Nafula alikuwa hajarudi kwao tangu wakati huo. Dereva akainua mabega, akatushusha, akaondoka taratibu akigeuka geuka nyuma. Sasa naelewa alikuwa anangoja kuona.

"Mbona sioni turubai?" nikauliza.

"Liko nyuma ya nyumba. Lia."

Akainamisha uso asitazame mbele, akaanza yeye, kisauti kama cha mtu anayeita paka. Kikakata. Nikavuta khanga usoni, nikaanza chini, nikapanda.

"Baba wee! Baba mpole wee, umetuachia nani wee! Baba wa ndizi, nani atawagawia watoto ndizi wee!"

Njia ilikuwa ndefu, na mie safari nzima nilikuwa nimejiandaa. Nikasikia miguu ikikimbia mashambani. Nikasikia mwanamke akipiga ukelele wa kweli: "Wanjala naye! Amemfuata ndugu yake!" Mwingine akadakia. Sikuelewa kwa nini wanamtaja Wanjala, ila kilio kilikuwa kimenoga, nikasema labda ndiyo wanavyolia huku. Nikafika kwenye veranda, nikaanguka magotini kama nilivyofundishwa.

"Baba, uko wapi wee!"

"Niko hapa," sauti ikajibu.

Veranda ya Mzee Wanjala

Nikateremsha khanga. Mbele yangu kulikuwa na mzee juu ya kigoda, bakuli la karanga mapajani. Alinitazama mimi, akatazama mabegi, akatazama wanawake waliokuwa wanamiminika langoni wakimlilia. Hakushtuka. Nadhani alikuwa bado anafikiri afanye nini, na kwa kuwa hakujua, mkono wake ulifanya ulichozoea. Ulimimina karanga kiganjani. Akazisugua. Akainamisha kichwa upande, akapuliza.

Nyuma yangu nikasikia mlio. Sikuwahi kumsikia Nafula akiutoa, wala mtu mwingine yeyote. Alinipita, akaangukia miguu ya yule mzee, akaikumbatia, akalia kilio ambacho hakikuwa na kuanza chini wala kupanda juu. Machozi ya miaka yote ya Hillbrow yalitoka pale. "Baba," alisema, "baba, baba," mana kwao kaka wa baba ni baba, na huyu alikuwa na uso ule ule, shingo ile ile, na pumzi ile ile juu ya karanga.

Mie nilibaki nimeshika khanga. Nilijua hapo hapo kwamba kazi yangu imekwisha, na kwamba kilio changu chote cha kutoka Beitbridge kilikuwa mchezo.

Mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake. "Huyu ni Nafula," akasema, hakuna aliyemwambia.

Wakati huo matanga yote yalikuwa yamehamia kwake. Watu walipenya kwenye mikaratusi, Simiyu mbele, wazee wenye kofia nyuma, wapishi na mwiko mkononi. Wote walikuja kumlilia Wanjala, wakamkuta anatafuna. Kisha mzee mmoja akasema kwa woga kwamba hili ni jambo baya, mtu kuliliwa akiwa hai, ni kumwitia kifo nyumbani. Wengine wakaitikia. Wanjala mwenyewe akajishika kifua.

"Nani ameleta kilio hapa?" akauliza. Mkono wa Simiyu ukanyooka kwangu. Kaka yake Nafula ananijua kwa dakika moja tu, ameshaniuza.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Mie ni mtu wa Tanga."

"Tanga ndiyo mnalia watu wakiwa wanakula?"

Na pia akaniuliza, "Ndizi nilimgawia nani?"

"Hata mimi nimeshangaa," ikasema sauti mlangoni. Ilikuwa ya mkewe, Mama Nasimiyu, mwanamke mfupi, mikono ina unga. Alishuka veranda, akajifuta, akatutazama wote taratibu.

"Kilio hakilali kwenye boma lisilo na maiti," akasema. "Kikimwagwa mahali pasipo pake, yule aliyeliliwa anakibeba mwenyewe, anakipeleka penye msiba, kabla jua halijazama. Asipokipeleka, kinabaki kwake. Mnajua kinangoja nini."

"Hiyo nani aliisema?" Wanjala akauliza.

"Mama yako. Siku aliyonifundisha mambo ya boma. Wewe ulikuwa sokoni."

Wanjala akawageukia wazee. Mzee wa kwanza akakuna kidevu, akasema naam, hata yeye aliwahi kuisikia. Wa pili akasema babu yake aliitaja. Wa tatu akaongeza kwamba anayekipeleka lazima atangulie mbele, watu wamfuate. Mama Nasimiyu akamtazama kidogo huyo wa tatu, mana hilo hakulisema yeye.

Kwenye mikaratusi

Wanjala alitazama jua lilipofika. Kisha akaweka bakuli chini, akasimama, Nafula bado amemshika mkono wa koti. Hakupita barabarani. Alipita kwenye mikaratusi ile ile, akaishika mmoja mmoja kama anayehesabu wezi, akatokea kwa mdogo wake. Kijiji kizima nyuma. Na mie nikalia tena, lakini safari hii kimya, kwa namna ya kwetu.

Akaingia ndani peke yake, alipokuwa amelazwa Barasa. Alichosema humo sijui, na niliyemuuliza hakuniambia. Alipotoka akavua koti, akatembea mpaka upande mmoja wa nyumba, akasimama, akapima kwa macho, akasema, "Hapa." Simiyu akampa jembe. Alipaswa kupiga moja awaachie vijana. Akapiga moja, akapiga jingine, akaendelea. Vijana wakanyoosha mikono, akaisukuma. Alichimba mpaka shati likamganda mgongoni, anazungumza na ardhi kwa Kibukusu, na hakuna aliyemzuia. Nilimuuliza Nafula anasema nini. Akasema, "Anamwambia baba kwamba miti ibaki."

Jumamosi tukamzika Mzee Barasa mahali pake, nyumbani kwake.

Wembe

Siku ya tatu baada ya mazishi familia hunyolewa, msiba upate kufungwa. Nafula alikuwa na misuko mipya, ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na aliomba wamkate ncha tu. Mama Nasimiyu akasema ncha haikufiwa. Akamkalisha kigodani. Nilidhani Nafula atanung'unika, lakini alifumba macho, na wembe ulipopita alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkono umeziba mdomo. Hiyo ndiyo habari ya kipara, basi mwacheni. Nywele zitaota.

Jioni ile nilimfuata Mama Nasimiyu jikoni. "Mama, ile mila ya kilio kisicholala, ni ya tangu lini?"

Akageuza ugali. "Tangu Ijumaa," akasema.

Asubuhi ya kuondoka Mzee Wanjala alitusindikiza mpaka lango la zamani. Mkono mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi za kula njiani, mzito kuliko mabegi yote. Akautua, akamwambia Nafula yale ya kuambiana baba na mtoto. Kisha akanivuta pembeni.

"Wewe wa Tanga, hakuna aliyewahi kunililia vile. Siku yangu ya kweli ikifika, utakuja?"

Nikamwambia Mzee, Johannesburg ni mbali, mabasi yanachelewa, na mpakani tunakaa mpaka tunaota mizizi.

Akamimina karanga kiganjani, akapuliza. Akasema hakuna haraka, atanisubiri.